Asili ya Kupigana na Feni

Kipo kijitabu cha nahau ambacho karibu kila mwanafunzi wa mji wetu amewahi kukishika. Kina jalada la kijani na kurasa zinazochomoka ukikifungua kwa pupa. Humo ndani, chini kidogo ya "kupiga zohali", pameandikwa hivi: "Kupigana na feni: kuhangaika na jambo usiloliweza. Asili yake haijulikani."

Siku niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilikuwa darasani, na asili yenyewe ilikuwa nyumbani, imevaa fulana iliyotoboka kwapani, ikimuuliza mama mkebe wa chumvi kauweka wapi. Asili ya nahau ile ni baba yangu mzazi.

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Mwalimu wa darasa akatuambia kila mmoja atunge sentensi kwa kutumia nahau hiyo. Nikaandika: "Baba yangu alipigana na feni, na feni likashinda." Daftari likarudi na wino mwekundu: "Sentensi haioneshi maana ya nahau. Rudia." Nikarudia: "Baba yangu alipigana na feni KWELI." Nikafutishwa ubao juma zima kwa ubishi.

Basi niwaeleze, maana kijitabu hakikueleza.

Baba alikuwa mkataji katika kiwanda cha kushona sare za shule na ovaroli. Kiwanda ni neno la heshima tu. Palikuwa ukumbi mrefu, cherehani za miguu zimepangwa safu mbili, meza kubwa ya kukatia upande wa ndani, na mwisho kabisa ofisi ya bosi, iliyotengwa kwa mbao na kioo ili bosi awaone watu wote na yeye aonekane ana shughuli. Mkataji ndiye anayeanza kazi. Anatandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, anakilainisha kwa kiganja, halafu anapanga juu yake vipande vya karatasi: huu mgongo, hiki kifua, huu mkono, hii kola. Anavibananisha ili kitambaa kisipotee bure, anavizungushia chaki, ndipo mkasi unapoingia. Karatasi ikisogea upana wa ukucha tu, mtoto wa watu atakwenda shule bega moja liko shingoni na lingine kwenye kiwiko. Kwa kazi hiyo baba aliitwa Mkasi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Jambo la pili la kujua kuhusu baba ni kwamba ni mtu wa kufuata amri hadi amri yenyewe inaona haya. Mahali palipoandikwa "Usikanyage majani" atazunguka hata kama majani yalishakauka na kibao kimebaki peke yake. Ukimwambia "nisubiri hapa", ukisahau kurudi, utamkuta hapo hapo, ameshafahamiana na wapita njia wote. Lakini kisichokatazwa, kwake ni ruhusa. Ukitaka baba asifanye jambo, ulitaje kwa jina lake.

Siku moja bosi akarudi safarini na feni. Lilikuwa feni kuukuu, lililonunuliwa kutoka kiwanda kingine kilichofungwa, kubwa kama tairi la lori, bila kile kizimba cha waya cha kuzuia mikono ya watu. Likafungwa ukutani, juu, upande ule wa meza ya kukatia, uso wake ukielekea mlangoni. Swichi ikawekwa huko huko mlangoni, karibu na walipokaa watia vifungo. Bosi akaliwasha mwenyewe, akasubiri apigiwe makofi, akapigiwa. Kisha akasema, "Sikilizeni. Hii swichi ni yangu. Feni hili likizimwazimwa ovyo mota itaungua. Atakayegusa swichi, kesho asije kazini."

Makofi yalikuwa hayajaisha vizuri, karatasi za baba zikaruka. Mgongo ulikwenda kunasa kwenye cherehani ya mbali, kola ikaingia ofisini kwa bosi, mikono miwili ikatoka dirishani pamoja kama inayoaga. Na vumbi la pamba lililokuwa limelala sakafuni miaka nenda rudi likaamka lote, likasafiri na upepo hadi mlangoni.

Baba alikwenda kumwomba bosi kwa adabu. Bosi akasema feni limekuja kuwapa watu hewa, hivyo wapokee hewa. Baba akarudi mezani akakandamiza karatasi kwa mawe. Mawe yakachafua kitambaa cheupe. Akaomba pasi za zamani za chuma kwa mpiga pasi, akazipanga juu ya kila kipande, meza ikaonekana kama duka la vyuma chakavu, na kila alipoinua pasi moja apitishe chaki, kipande chake kikaondoka. Akajenga ukuta wa maboksi. Ukuta ukaanguka juu ya mpiga pasi, ambaye alikuwa mtu wa maneno mengi na tangu hapo akawa na la kusema zaidi.

Washonaji wakaanza kuja mapema kazini ili wasikose. Maana baba hakukata tamaa. Asubuhi moja, kabla bosi hajafika, alipanda juu ya meza akalifunga panga moja la feni kwa mguu wa suruali ya ovaroli, mguu wa pili akaufunga kwenye msumari wa ukutani. Fundo lake lilikuwa fundo la mtu anayejua kazi. Bosi akaingia, akabonyeza swichi yake, akaenda zake ofisini bila kutazama juu. Msumari ukang'oka. Suruali ile ilizunguka angani hadi saa ya chakula, ikipunga mguu, na kila bosi alipochungulia kwenye kioo watu wote waliinamia cherehani mabega yakiwatikisika. Hakuna aliyeona kazi ikienda haraka siku ile.

Mtu mwingine angezima swichi kwa siri. Baba hakuweza. Swichi ilikuwa imekatazwa kwa jina lake. Feni halikukatazwa.

Ndipo ikaja siku yenyewe. Baba alikuwa na rula ndefu ya mbao, ya kupigia mistari kwenye kitambaa. Akapanda juu ya meza, akaishika rula kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaisukuma katikati ya mapanga. Waliokuwapo wanasema sauti ilikuwa kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Rula ikakatika vipande. Kimoja kikavunja kioo cha ofisi na kutua kwenye kikombe cha chai cha bosi. Baba akapepesuka mbele, na futi yake ya kupimia, ile ya utepe aliyoivaa shingoni kila siku ya Mungu, ikanaswa na feni. Ikaanza kujiviringisha. Baba akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, shingo imerefuka, mikono inatafuta hewa. Watu wakapiga kelele. Na hapo feni likazima.

Lilizima lenyewe, taratibu, likalia kwikwi, likatulia. Baba akajinasua, akageuka, uso umemtoka jasho na furaha, akatangaza akiwa juu ya meza, "Nimeliua!"

Ukumbi mzima ukashangilia. Bosi akatoka na kikombe chenye kipande cha rula, akatazama feni, akasema, "Umeme umekatika." Cherehani zilikuwa za miguu na dirishani mlikuwa na jua, kwa hiyo hakukuwa na kitu kingine cha kumbishia. Wakaenda kula. Waliporudi, feni lilikuwa linazunguka kwa raha zake kama halijawahi kugombana na mtu. Kesho yake mshonaji mmoja akalalamika kwamba mumewe hasikii akiambiwa asikorome, mpiga pasi akamjibu, "Dada, acha kupigana na feni." Nahau ikazaliwa.

Ilitoka kiwandani jioni hiyo hiyo. Ikaenda sokoni, ikaenda uwanja wa mpira, ikaenda ofisi za serikali ambako ilipata kazi ya kudumu. Watu waliihamisha na mizigo yao walipohamia miji mingine. Nilipokuwa na akili ya kusikia, hakuna aliyekumbuka Mkasi wala ovaroli wala kikombe cha chai, isipokuwa mtaa wetu. Mtaa wetu ulikumbuka sana.

Nilikuwa bado msichana mdogo, mbele ya meza ya chakula, jirani yetu fundi viatu aliposema kuhusu jambo fulani la maji ya bomba, "Aa, hiyo ni kupigana na feni tu." Akajiuma ulimi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwona baba akiweka kijiko chini. Akafunika mdomo kwa kiganja, akasimama, akatoka kwa mlango wa nyuma bila neno. Alikaa huko nje muda, na mabega yake, niliyaona kupitia dirishani, yalikuwa yakitikisika.

Baba yangu alikuwa analia! Nilichukua ufagio nikamtoa fundi viatu hadi njiani. Niliporudi nikala kiapo mbele ya mdogo wangu wa kiume, ambaye alilazimika kukila pamoja nami, kwamba neno lile halitatamkwa tena mahali baba yetu alipo. Na nilikilinda kiapo hicho. Nilipigana na wavulana wa mtaa. Niliwatembelea majirani mmoja mmoja nikawaonya, watu wazima wenye ndevu. Redio ikileta kipindi cha lugha, naizima. Kijitabu cha kijani nyumbani kwetu hakikuingia mlangoni; nilikificha kwa jirani nikisoma huko huko. Tena nyumba yetu haikuwa na feni, hata ile ndogo ya mezani, hata kwenye joto la kuyeyusha mishumaa. Nilijua sababu. Nani anamkaribisha adui wake sebuleni?

Mama alinitazama nikihangaika akawa anaendelea kuchambua mchele. Mara moja tu aliniambia, "Mwanangu, utachoka." Nikamjibu kwamba mtu hachoki kumlinda baba yake. Akasema, "Haya."

Nikakua, nikajifunza mkasi kwa baba, nikaanza kushona mapazia. Siku moja nilikwenda kutundika mapazia kwenye nyumba mpya nikamkuta kijana fundi umeme kaishikilia ngazi pekee iliyokuwapo. Tuligombania ngazi ile asubuhi nzima. Alasiri alinishikia ngazi hiyo nikiwa juu. Sitaki kurefusha hadithi, wenye kuelewa wameelewa.

Ila Mungu ana utani wake. Baba wa Fundi Umeme alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na yeye ndiye mtungaji wa kile kijitabu cha kijani. Mzee huyo alipumua nahau. Hakusema "nina njaa". Alisema tumbo linampigia ngoma. Mwanawe alipochagua waya na nyundo badala ya vitabu, alisema ameambulia patupu, ingawa taa za nyumba yake zilipozimika hakumwita mwingine.

Siku ya wao kuja kwetu kujuana rasmi ilipopangwa, sikulala vizuri. Nilimwita Fundi Umeme pembeni.

"Mwambie baba yako aseme nahau zote za kitabu, amalize na jalada. Lakini 'kupigana na feni' asiitaje."

"Kwa nini?"

"Usiulize kwa nini. Akiitaja mbele ya baba yangu, na uso wa baba yangu ukashuka, mimi na wewe basi."

Alicheka kidogo, akanitazama, akaacha kucheka. Alijua sitanii. Nilimpenda, na nilikuwa tayari kumkosa. Nilikuwa nimebeba uso wa baba tangu utotoni, nisingeudondosha kwa ajili ya harusi.

Siku hiyo ikaja na joto lake. Sebule yetu ni ndogo. Viti vimegusana magoti. Mwalimu alikaa karibu na dirisha ndani ya koti lake la sherehe, mkewe kando yake, Fundi Umeme kwenye kigoda, baba na mama upande wa pili, mimi na mdogo wangu tukipita na chai na biskuti. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mwalimu alisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Akasema heri kujenga daraja kuliko kujenga ukuta. Mara mbili nilimwona amefungua kinywa, mwanawe akakohoa, akakifunga. Jasho lilimtoka Mwalimu kipajini, likashuka kwenye kola. Akajipepea kwa kitambaa. Akajipepea kwa sahani ya biskuti. Akatazama dari, akatazama kuta, akatazama pembe zote nne za sebule.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "samahani kwa kuuliza. Nyumba nzuri kama hii, haina feni?"

Mdogo wangu alipaliwa na biskuti. Mimi nilibaki nimeshika birika hewani. Mwalimu akanitazama, akamtazama mwanawe aliyekuwa amebadilika rangi, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata jibu la fumbo.

"Aaa! Kumbe ndiyo maana nikakatazwa kusema 'kupigana na feni'!"

Ulimi hauna mfupa, na wa Mwalimu haukuwa na kizuizi cha aina yoyote. Nilimtazama baba, nikautazama ule uso. Baba aliweka kikombe chini polepole.

"Nani kakukataza, Mwalimu?"

"Mwanangu huyu."

"Na yeye kakatazwa na nani?"

Fundi Umeme hakusema, lakini kidevu chake kilinielekea. Msaliti!

"Na hiyo nahau," baba akauliza, "maana yake nini?"

Mwalimu angeweza kunyamaza. Mtu yeyote angenyamaza. Lakini muulize mwalimu mstaafu maana ya nahau uone kama atakaa kitini. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kupigana na feni ni kuhangaika na jambo usiloliweza. Zipo zinazokaribiana nayo, kama kutwanga maji kwenye kinu, au kumpigia mbuzi gitaa, ila hii ina nguvu zaidi kwa sababu ndani yake mna mapambano. Asili yake haijulikani. Nimeitafuta miaka mingi. Wapo wanaodai ni ya mabaharia, wapo wanaosema imetoka kwa wachimba visima…"

"Mabaharia!" Baba akasimama naye. Sikuwahi kumwona amechukia namna ile. "Mabaharia wametokea wapi? Wamelipata wapi feni baharini? Mwalimu, asili yake ni mimi!"

Akamweleza yote. Alimweleza amesimama katikati ya sebule, akipanda meza ambayo haikuwapo, akiinua rula ambayo haikuwapo. Alimwonesha suruali ilivyopunga mguu. Alipofika kwenye kikombe cha bosi alishindwa kuendelea, akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikayatambua mabega yale.

"Baba," nikasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba watu wanasema. Kwamba ni wewe."

"Mwanangu, mpiga pasi alilisema nimesimama naye bega kwa bega! Nilikuwa wa pili kucheka."

"Na siku ile ya fundi viatu? Ulitoka ukalia!"

"Nililia?" Alinikodolea macho. "Nilikwenda nyuma ya nyumba kucheka. Fundi viatu alikuwa amevaa ile ovaroli niliyofungia feni, nilimuuzia mimi mwenyewe, na viraka vya pale ilipochanwa na mapanga vilikuwa bado vipo mguuni! Niliporudi nikakuta umeshamfukuza mgeni kwa ufagio na umeapisha watu. Nikaona nikisema nitakuharibia. Halafu," akaongeza, sauti ikapungua, "nilipenda. Si kila mtu ana binti wa kumpigania mtaa mzima. Nikasema niache kidogo. Kidogo ikawa miaka."

Nikaketi sakafuni na birika langu. Miaka yote hiyo! Wavulana niliowapiga, redio nilizozima! Mdogo wangu alicheka hadi akalala kwenye zulia, na mimi sikujua nicheke au nimtupie birika. Nikacheka. Kilichonitoka kilikuwa kicheko na machozi kwa pamoja, maana ule uso haukuwa umeshuka hata kidogo, na haukuwahi kushuka.

"Lakini basi kwa nini hatuna feni?" nikauliza nilipopata pumzi.

Baba akamtazama mama, akaona haya ghafla. Mzee mzima, mkwe mtarajiwa yupo mbele yake, akashika shingo yake pale futi ilipokuwa ikikaa.

"Lile feni lilikuwa linamkohoza," akasema. "Alikuwa anatia vifungo mlangoni. Vumbi lote la pamba lilikwenda kwake. Anakohoa, anaficha mdomo kwenye mkono wa shati analolishona, anaendelea. Kila mtu alidhani nagombea karatasi. Karatasi zilikuwa kero, sikatai, lakini mtu hapandi mezani kwa sababu ya kola. Mpaka leo kifua chake hakipendi upepo wa feni. Ndiyo maana."

Mke wa Mwalimu alimtazama mumewe kwa jicho la kumlinganisha.

"Sikulishinda," baba akamalizia, akiketi. "Umeme ungechelewa kukatika, nisingekuwa na shingo ya kuvalia tai kwenye harusi hii. Mungu ni mwema."

Mama alikuwa hajasema neno tangu wageni walipoketi. Aliokota chembe ya biskuti kwenye gauni lake, akaiweka kisahanini.

"Mungu ni mwema," akasema, "lakini aliyezima ni mimi."

Baba akamgeukia.

"Umeme haukukatika, baba watoto. Nilikuwa nimekaa chini ya swichi. Nilikuona unavutwa, nikaibonyeza."

"Uliigusa swichi?" Baba alisema kwa kunong'ona, kama bosi bado yuko nyuma ya kioo.

"Kwa kiwiko. Mkononi nilikuwa na sindano."

"Ungefukuzwa kazi!"

"Na wewe ungekufa. Watu walipokwenda kula nikaiwasha tena, bosi asijue."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Ulikuwa umesimama juu ya meza," mama akasema, "unasema, 'Nimeliua.' Sijawahi kuona mtu ana furaha namna ile. Nikaona yule mtu nikimwambia ukweli nitakuwa mjinga. Kesho yake nikakubali uliponiomba tutoke pamoja tukitoka kazini."

Baba akamshika mama mkono mbele ya wageni wote, jambo ambalo katika maisha yangu sikuwahi kuliona sebuleni kwetu, akaung'ang'ania. Macho yake yalikuwa yamelowa, na safari hii hakwenda nyuma ya nyumba.

Mwalimu alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti. "Mama," akasema, "naomba ruhusa. Toleo jipya la kijitabu linakuja. Asili yake niiandikeje?"

Mama akafikiri. "Andika haijulikani."

"Lakini sasa inajulikana!"

"Kwa walio humu ndani," mama akasema. "Wengine waachie mabaharia." Akamjazia chai.

Fundi Umeme alinisogelea kwa kigoda chake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Basi mimi na wewe bado tupo?" Nikamwambia anyamaze, wazazi wanaongea. Akanyamaza, akitabasamu, maana alishaanza kunijua.

Tulioana, na Mwalimu alitoa hotuba ambayo wageni waliihesabu kwa nahau wakapoteza hesabu. Tulipohamia nyumba yetu, chumba chetu kilikuwa na joto la kuyeyusha mishumaa, na baba akaja siku ya kwanza amebeba boksi begani. Ndani yake mlikuwa na feni ya dari, mpya, na mapanga yake yanang'aa. Mume wangu akapanda ngazi akaifunga, baba akimshikia ngazi na kumkosoa. Ilipofika zamu ya swichi, mume wangu akaishika mlangoni, mahali ambapo mafundi wote wa umeme huiweka.

"Hapana," baba akamwambia. "Iweke pale, upande anaolala yeye." Akaninyoshea kidole. "Siku moja utapigana na kitu, mkwe wangu. Iwe karibu na mkono wake."